Viatu Mlangoni mwa Kompyuta

"Kadii, nafasi imeshachukuliwa."

Nilikuwa ndani ya kibanda cha simu pale posta ya Kilifi, mkonga wa simu umelowa jasho la kiganja changu, na nje watu wanagonga kioo wakitaka zamu yao.

"Imechukuliwa na nani, Jefwa?"

"Fundi wa Nairobi, anaitwa Thuku. Anashinda mle chumba cha kompyuta kutwa nzima."

"Mbona juzi uliniambia meneja bado anatafuta mtu?"

"Juzi ni juzi. Pole, mpenzi. Wageni wamefika, naweka simu."

Akaiweka kweli.

Jefwa alikuwa mchumba wangu, karani wa mapokezi katika Hoteli ya Kasa, Malindi. Mwaka ulikuwa 1987, na aliyenitia katika mambo ya kompyuta ni yeye huyo huyo. Baba alitaka nisomee ualimu. Jefwa akaja na maneno yake matamu: "Walimu wapo tele, Kadii. Hoteli yetu imeleta kompyuta, nimeiona kwa macho yangu ikishushwa. Kasomee hiyo." Nikagombana na Baba, nikaenda Mombasa, nikasoma, nikafuzu. Tangu nirudi nilikuwa nahangaika pwani nzima kama kuku anayetaka kutaga. Hoteli ya Kikambala waliniangalia kutoka utosini hadi miguuni wakaniuliza kama najua kupika chapati. Mnarani waliniambia mashine yao haijafika, nirudi mwakani.

Na Baba alikuwa ameapa. Wazee wa Jefwa wakija na kadzama, kile kibuyu cha mnazi cha kuposea, hatakionja mpaka aone hiyo kompyuta yangu inanilisha. Kwa hiyo bila kazi hakuna harusi.

Asubuhi yake nikajifunga leso vizuri nikaenda Malindi. Nilishaamua. Kama Thuku ameipata kazi, nitamwomba anichukue niwe msaidizi wake, hata wa kumpangusia vumbi.

Niliingilia mlango wa nyuma wa hoteli. Mama mmoja alikuwa anafagia ukumbini. Baadaye nilijua anaitwa Mwikali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamtafuta nani?"

"Chumba cha kompyuta ni kipi?"

"Kile cha mwisho, chenye mkeka mlangoni."

Nikatazama ule mkeka, nikasimama. Aliyesomea kompyuta miaka ile anajua: hakuna aliyeingia na viatu. Tulifundishwa kwamba vumbi huua mashine, kwa hiyo kila mtu alivua viatu mlangoni, na kwa viatu hivyo ulijua nani yumo ndani. Hapa hapakuwa na hata kandambili. Mkeka ulikuwa umelala vumbi, na juu ya vumbi mjusi alikuwa amepita.

"Thuku ametoka?" nikauliza.

Mama Mwikali akaegemea fagio lake.

"Thuku yule fundi wa Nairobi? Aliileta mashine akaenda zake. Tangu ife hajakanyaga hapa. Meneja kila siku analia atafutiwe mtu, hata Jefwa wa mapokezi aliagizwa. Si mchumba wake amesomea mambo hayo?"

"Aliagizwa lini, mama?"

"Kitambo, mwanangu."

Nikageuka, nikaenda moja kwa moja hadi mapokezi.

Jefwa alikuwa ameinamia kitabu kikubwa cha wageni, shati jeupe, viatu vinang'aa. Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko watu wote ninaowajua, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

"Thuku yuko wapi?"

Kalamu ikasimama.

"Kadii! Umefika saa ngapi?"

"Thuku yuko wapi? Nataka kumsalimia."

"Ametoka kidogo..."

"Ametoka akaacha mjusi ashike zamu? Nimeuona mkeka, Jefwa!"

"Punguza sauti, wageni watasikia."

"Wasikie! Umenigombanisha na baba yangu kwa ajili ya mashine, kisha unanifungia mlango wa mashine hiyo hiyo. Nimekukosea nini?"

Akakifunga kitabu polepole.

"Waona kitabu hiki? Kazi yangu ni hii, sina nyingine. Ulipokwenda kusoma sikulijua hili: mashine ile ikiamka, majina yote yataingia mle. Mimi watanipeleka wapi? Nikabebe mabegi?"

"Kwa hiyo ukaona afadhali nizame mimi?"

"Niliogopa, Kadii. Haki ya Mungu niliogopa."

"Ungeniambia waogopa! Mwoga ningemvumilia. Mwongo nitamweka wapi?"

"Kuna nini hapa?" Meneja, Bwana Gerishom, alikuwa amesimama nyuma yetu.

Jefwa akanitazama kwa macho ya kuomba. Neno langu moja lingetosha kumfukuzisha, na nilikuwa nalo ulimini.

"Shikamoo, bwana meneja. Naitwa Kadii, nimesomea kompyuta. Jefwa ameniambia mna kazi."

Msinione mwema. Niliitaka kazi.

"Hatimaye!" akasema Bwana Gerishom. "Jefwa, mbona umemchelewesha hivi?"

Jefwa akaangalia viatu vyake.

Nikavua vyangu mlangoni, tukaingia. Mle ndani mlikuwa na joto la tanuri la mikate. Jua la dirishani liliipiga mashine usoni. Nikaiwasha, herufi za kijani zikatokea, kisha giza.

"Ndivyo ifanyavyo," akasema meneja. "Yaamka, yafa."

"Mashine ya baridi mbona imezimwa?"

"Ndani hamna mtu. Tumpoze nani?"

"Kompyuta, bwana. Ikishika joto haifanyi kazi."

Nikaivuta meza mbali na dirisha, nikashusha pazia, nikawasha baridi.

"Sasa tungoje."

Mngojeo ule sitausahau. Nilikaa, nikasimama, nikapangusa mahali palipo safi tayari. Chumba kilipopoa nikabonyeza tena. Herufi zikaja. Nikazitazama bila kupumua. Zikakaa.

"Kazi ni yako!" Bwana Gerishom akapiga makofi. "Anza na wageni waliopo. Jefwa! Lete kitabu umsomee!"

Jefwa akaja akasimama kizingitini.

"Nitasomea hapa hapa."

"Ingia bwana," akasema meneja.

"Viatu," nikasema mimi, bila kugeuka.

Alichukua muda. Nilipotazama nikajua kwa nini: chini ya viatu vile vya kung'aa, soksi ilikuwa imetoboka, na kidole gumba kinachungulia. Kicheko kilinijia nikakimeza. Sikuwa tayari kucheka.

"Soma."

"Chumba cha kwanza, Bwana Keller." Akashusha sauti ili meneja asisikie. "Nisamehe, Kadii."

"Chumba kinachofuata."

"Cha pili, Bibi Rossi na dada yake. Nitakiri mbele ya yeyote umtakaye."

Mikono yangu ikatulia juu ya mashine.

"Mbele ya Baba," nikasema. "Siku ya kadzama. Kinachofuata."

Wazee wa Jefwa walikuja baada ya mshahara wangu wa kwanza. Jefwa hakufukuzwa. Mashine haikujua kumkaribisha mgeni, na alibaki mapokezi. Wazee walikaa uani, kibuyu katikati. Jefwa akainuka, akainama, akavua viatu.

"Mbona wavua viatu, mwanangu?" Baba akauliza. "Hapa ni nje."

"Baba, nina neno la aibu. Kadii angeipata kazi mapema. Mimi ndiye niliyemzibia, kwa woga wangu."

Wazee wake wakashika vichwa. Baba akanigeukia. Kwetu mnazi wa posa haunywewi mpaka binti aulizwe.

"Kadii, ninywe au niumwage?"

Nikamtazama Jefwa. Kidole kilikuwa kinachungulia, soksi ile ile, na machozi yanamlengalenga.

"Kunywa, Baba," nikasema. "Na wewe Jefwa, vaa viatu."