Mbwa Aliyevaa Tai

Damu ilikuwa imeshaganda kwenye pedali ya cherehani Inspekta Bulonza alipofika eneo la tukio. Aliyejeruhiwa alikuwa ameketi palepale, kwenye chumba chake cha kushonea huko Kadutu, mtaa wa Bukavu, mguu wake wa kulia juu ya ndoo. Alama za meno zilionekana wazi kwenye shavu la mguu.

"Imbwa imechagua vizuri," alisema maman Nabintu. "Miguu iko mbili, Inspekta, lakini ya kukanyaga mashini iko hii."

Alicheka, kisha machozi yakamtoka. Mezani kulikuwa na rundo la vitenge vilivyokwisha kukatwa, sare za mashangazi wa bibi harusi. Harusi ilikuwa Jumamosi. Mashangazi wakikosa sare zao, Bukavu nzima ingejua ni nani aliyewaaibisha, na nani tena angemletea Nabintu kitenge?

"Muganga alisema nini?"

"Alisafisha kidonda. Anasema tutafute mwenye imbwa. Kama haikupata chanjo ya kichaa, watanichoma sindano za tumbo. Na dawa nilinunua miye mwenyewe. Ile ni haki?"

"Hapana, maman. Sheria iko wazi. Mwenye imbwa analipa mabaya yote imbwa yake inafanya, hata kama ilimutoroka. Dawa, na kazi yenye umekosa."

"Basi uniletee ule mwenye imbwa."

Bulonza alikuwa mnene, mcheshi, na bila aibu alijihesabu mpelelezi hodari kuliko wote kutoka Bukavu hadi Sange. Alikwisha kuwatia mbaroni wezi wa dhahabu ya Shabunda. Mbwa angemshindaje? Alipiga magoti, akachungulia chini ya cherehani.

"Ilikuwa namna gani?"

"Kuku iliingia mbio, imbwa nyuma yake. Miye nilikuwa nashona. Nikakanyaga mukia yake bila kujua. Ikaniuma, ikatoka."

"Rangi?"

"Nyekundu."

"Unaijua?"

"Hata. Nimehamia hapa mwezi huu."

"Ulisikia kitu?"

"Mwanaume alikuwa anaita kule nje. 'Adalbert! Adalbert, kuya huku!' Kisha kimya."

Vidole vya Bulonza vilikuwa vimeshika kitu kwenye ncha ya pedali. Kilikuwa kipande cha kitambaa laini, buluu yenye mistari myeupe, na ndani yake kitambaa kingine kigumu. Alikigeuza, akakinusa. Kilinuka mbwa. Halafu alitazama mlangoni kabla ya kusema, maana kielelezo hicho hakikuwa cha kutajwa kwa sauti.

"Karavati," alinong'ona.

Tangu serikali itangaze amri ya uhalisi, ya kurudi kwenye mila za mababu, tai zilipigwa marufuku pamoja na majina ya ubatizo. Kila mwanamume alivaa abakosti, koti la kufunga shingoni lisilohitaji tai, na kuitwa citoyen, yaani raia, kwa jina la mababu. Bulonza mwenyewe alikuwa Évariste hadi mwaka jana. Tai yake ilikuwa sandukuni, chini ya nguo za mama mkwe, mahali ambapo hakuna askari gendarme ambaye angethubutu kupekua.

Basi alikwisha kumpata mtu wake, au ndivyo alivyodhani. Ni mwanamume aitwaye Adalbert, mwenye mbwa mwekundu na tai ya buluu. Akaanza kubisha hodi nyumba kwa nyumba.

"Hapa kuko Adalbert?"

"Adalbert? Majina ya vile ilikufa, citoyen Inspekta!"

"Hapa?"

"Miye nilikuwa Anaclet," alinong'ona mzee mmoja akiangalia huku na huku. "Lakini usiandike."

Wote walicheka, wote walitikisa kichwa. Hapakuwa na Adalbert hata mmoja. Bulonza alianza kukasirika, hasa kwa kuwa njaa nayo ilishaanza kumhoji. Hapo ndipo alipotazama chini. Mvua ya asubuhi ilikuwa imelainisha udongo, na nyayo za mbwa, zilizochanganyika na manyoya ya kuku, zilikuwa zimeshuka mteremko hadi kwenye lango moja la mbao. Alijilaumu. Alikuwa amehoji watu wote akasahau kuhoji matope.

Lango hilo lilikuwa la citoyen Cirhuza, na Inspekta alivuta koti lake likae sawa kabla ya kubisha. Cirhuza ndiye aliyeongoza kundi la nyimbo na ngoma za kusifu uhalisi mtaani. Ndiye aliyewakaripia akina mama walioitana Colette na Agnès kwenye bomba la maji. Alimpokea Inspekta kwa abakosti iliyopigwa pasi kali.

"Uko na imbwa, citoyen?"

"Hapana."

"Ile sahani hapa chini iko ya nani?"

"Ya kuku."

"Kuku zako zinakula mifupa?"

"Zingine."

"Leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa. Na bibi yangu."

Mkewe, maman Bahati, alikuwa akipepeta maharage kizingitini. Hakuinua macho, ila mabega yake yalitikisika. Bulonza hakujua kama ni hofu au kicheko.

"Adalbert ni nani?"

"Simujue."

Njia ya mwongo ni fupi, na Bulonza aliona mwisho wake ukikaribia. Alisimama akifikiri. Mbwa anapomponyoka mtu na kukimbiza kuku wa watu, mtu huyo anamwita nani? Anamwita jirani? Anamwita mbwa! Inspekta aliona haya kwa jinsi alivyochelewa kuelewa. Akaenda katikati ya ua, akajaza mapafu na kupaza sauti.

"Adalbeeert!"

"Niko hapa!" akaitika Cirhuza.

Wakati huohuo mlango wa chumba ulisukumwa, na mbwa mwekundu akatoka akitikisa mkia wenye uvimbe. Shingoni alikuwa na tai ya buluu yenye mistari myeupe, iliyochanika nchani. Maman Bahati aliangusha ungo, akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Naona wamekuja wawili," Bulonza alisema. "Nani kati yenu aliuma maman Nabintu?"

Cirhuza aliketi chini, abakosti na yote.

"Imbwa iko yangu," alikiri. "Ilitoroka nilipofungua lango. Lakini maman alikanyaga mukia yake!"

"Alikuwa ndani ya nyumba yake, kwenye mashini yake. Mukia ya imbwa yako ilikuwa inatafuta nini kule? Kwa nini ulikataa?"

"Inspekta, ningesema imbwa inaitwa namna gani mbele ya watu? Lile jina nilipewa na mama yangu, mbele yeye afe. Karavati nilivaa siku ya ndoa yangu. Niliapa mbele ya mutaa muzima, nimeacha vyote. Nilishindwa kuvichoma. Basi nilimupa imbwa, nikaifungia ndani, nisikie tu jina yangu ikiitwa nyumbani."

Bulonza alikuwa amejiandaa kufoka. Badala yake alikumbuka sanduku la mama mkwe.

"Na chanjo?"

Maman Bahati aligeuza tai. Upande wa nyuma kilining'inia kipande cha bati cha daktari wa mifugo, chenye namba ya mwaka huu. Inspekta alishusha pumzi kwa niaba ya tumbo la Nabintu.

"Daktari ataiangalia imbwa hata hivyo. Dawa utalipa leo. Na kazi yenye maman amekosa, utalipa, ama tuende mbele ya hakimu."

"Nitalipa."

"Imbwa inaitwa nani? Lazima niandike."

Cirhuza alifumba macho.

"Nitaandika Nyekundu," alisema Bulonza.

Jioni hiyo Bulonza na Cirhuza walimpelekea Nabintu habari ya chanjo, na ile ya jina kwa kunong'ona, akamshukuru Mungu kwa sauti. Dawa zikalipwa. Alipotajiwa malipo ya kazi, alitikisa kichwa.

"Mashangazi hawatavaa feza wala makuta. Miye niko na mikono. Nimekosa muguu. Anipe yake."

Hivyo ndivyo kiongozi wa uhalisi alivyokaa kwenye cherehani hadi Ijumaa, akikanyaga pedali huku jasho likimtiririka, Nabintu akiongoza kitenge pembeni yake. Bulonza alipita kukagua, mkononi ndizi ya kuchoma. Sare ya mwisho ilikuwa inaisha, na cherehani ilikwenda mbio mno.

"Polepole, Adalbert," alisema Nabintu.

Mguu ukapunguza mwendo, na mwenye mguu akatabasamu. Mbwa aliyelala chini ya meza hakuinua hata sikio.