Vitambaa vya Dani

Kila Jumamosi Adhiambo alifagia duka la kuchapisha karatasi la shangazi yake, Joyline, pale sokoni Magunga. Mvua ilipogonga mabati, kuta zilitoa harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, kwa maana zamani hilo lilikuwa ghala la omena la Dani, nyanya yake, aliyefariki mwaka uliopita. "Mama ametutembelea," Shangazi alizoea kusema.

Dani alifunga gunia la omena la hoteli kwa kitambaa chekundu, la shule kwa cha bluu, la wafuga kuku kwa cheupe. Hata wapakiaji waharakishe vipi, kila mteja alipata lake. Adhiambo ndiye aliyemkatia vitambaa hivyo, na alizikumbuka sana siku hizo.

Jumamosi hiyo walikuwa na kazi ya Sista Irine, muuguzi wa zahanati moja kule Lambwe. Alikuwa ameleta mwongozo mrefu wa kuwafunza wafanyakazi jinsi ya kuzuia kipindupindu. Shangazi aliupanga katika vitabu vya aina tatu: vya wauguzi, vya wapishi na vya wasafishaji. Kurasa za mwanzo zilikuwa za wote. Zilizofuata, kila kundi lilikuwa na zake.

"Kabla hujazipanga, paka kila rundo rangi yake pembeni, kama vitambaa vya Dani," Shangazi alimwagiza akitoka kwenda kununua wino.

"Sawa, Shangazi."

Lakini moyoni Adhiambo aliona hayo ni mambo ya kizamani. Kwani yeye hajui kusoma? Mara rafiki yake Lynnet akaingia.

"Wee, jana ungeona vile tulichapa timu ya Sindo!" Lynnet alisema.

Hadithi zikanoga, mikono ikapanga kurasa bila macho, vitabu vikabanwa vyote.

Lynnet alipoondoka, Adhiambo alifungua kitabu kimoja cha wapishi. Alishtuka. Picha ya ndoo ilikuwa ileile ya ukurasa wa wapishi, lakini maelezo yalikuwa ya wasafishaji, ya klorini kali ya kusugulia sakafu. Mpishi akiyafuata kwenye maji ya kunywa, ataumiza watu!

Papo hapo Shangazi akaingia pamoja na Sista Irine.

"Vimependeza kweli," Sista alisema, akibeba vitabu. "Wacha nikimbie, mawingu yamejaa huko milima ya Gwassi."

Adhiambo akinyamaza, nani angejua?

"Sista, tafadhali usivichukue. Nimechanganya kurasa. Sikupaka rangi vile niliambiwa."

Shangazi alimkazia macho. "Ni vingapi vimeharibika?"

"Sijui, Shangazi."

"Basi tunafungua vyote."

Sista Irine alisahau mawingu, akavuta kiti na kuchukua kalamu ya rangi. Walisoma kila ukurasa, wakaupaka rangi yake, wakapanga upya. Sasa ukurasa uliopotea njia ulionekana hata kwa mbali.

Walipomaliza, mvua ilikuwa ikinyesha. Shangazi akatoa kwenye droo vitambaa vya Dani vilivyopauka, akafunga kila fungu.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema kwa upole. "Ulipokiri, tulipoteza mchana mmoja tu. Ungenyamaza, tungepoteza mtu. Na ukifanya kazi ya watu wengi, usidharau njia inayomfikishia kila mmoja chake."

Adhiambo alivuta ile harufu ya omena. Machozi yakamlengalenga.

"Dani ametutembelea," alisema.

"Leo amekuja kukagua kazi," Shangazi akajibu.