Pumzi Haiazimwi

Jioni, katika vilima vya karibu na Kitshanga, ng'ombe waliitwa kwa majina yao, nao wakarudi. Mukankusi alikaa mlangoni akisikiliza. Kabla ugonjwa wa kupooza haujamlegeza miguu na kifua, yeye ndiye aliyekuwa akimwita Gaju, ng'ombe wao mwekundu, na Gaju hakumtii mtu mwingine. Sasa sauti yake haikuvuka hata ua. Lo, alivyoitamani ile sauti!

Papa Kabera, muganga wa dispansari, alikuwa amemfundisha zoezi la kukipa kifua nguvu: avute hewa taratibu, aipulize kwa mrija ndani ya kibuyu cha maji mpaka yatoe mapovu, apumzike, kisha arudie.

Lakini zoezi lilimchosha, naye akatafuta njia ya mkato. Mama yake, Nyiraneza, alisukasuka maziwa nje, akitega sikio tu. Basi Mukankusi akampa mdogo wake Laurence mrija, na Laurence akapuliza kwa raha zake zote.

"Muzuri, mutoto yangu!" mama aliitikia kutoka uani.

Mvua zikaja na mafua. Mukankusi akakohoa bila nguvu, makohozi yakamkwama kifuani, akahema kwa shida. Mama akambeba mgongoni mpaka dispansari, huku analia.

Kabera alimkalisha wima, akamsaidia kukohoa hadi kifua kikafunguka. Alipotulia, akampa mrija. Likatoka povu moja tu.

"Mama, huyu mutoto hapulizi."

"Anapulizaka kila siku, Papa! Miye mwenyewe nasikiaka!"

Mukankusi akainamisha kichwa. Aibu ilimchoma kuliko kikohozi. "Mama, ni Laurence njo anapulizaka. Nilikudanganya."

Kabera akacheka kidogo. "Basi Laurence iko na kifua cha nguvu! Wewe, ukichoka, sema umechoka, upumzike, kisha urudilie."

Tangu siku hiyo alipuliza mwenyewe. Siku nyingine alilia, siku nyingine mapovu yakawa machache, lakini hakumpa mtu mrija.

Miguu haikupona, na hamu ya kukimbia malishoni haikumtoka kamwe. Ila jioni moja ya kiangazi alijaza kifua, akaita, "Gaju weee!" Sauti ilikuwa nyembamba, yenye mikwaruzo. Kule mteremkoni ng'ombe mwekundu akainua kichwa, akaanza kushuka.

Mama alifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Unaona, mutoto yangu? Mwenzako anaweza kukubebea maji, anaweza kukubebea kuni. Kupumua, kila mutu anajipumulia mwenyewe."