Mayai Yaliyonuka Mapema

Jumatatu asubuhi mashine ya kuangulia mayai ilikutwa ya baridi kama jiwe. Mayai arobaini yalikuwemo, hakuna hata moja lililo hai. Waya wa mashine ulikuwa sakafuni, na kwenye soketi yake ilikuwa imechomekwa chaja ya mlinzi.

"Muuaji wenu huyu hapa!" Dokta alisema, kamkunja mlinzi shati. "Kaua kazi ya mama yangu kwa ajili ya kisimu cha tochi!"

Huyo mama ni Profesa mwenye maabara; hakumzaa Dokta, alimfundisha. Watu walimwita Mama Vifaranga, maana miaka thelathini alikuwa anafukuzia swali moja tu: kitu gani kinaiwasha jeni inayouambia mguu wa kifaranga, haya sasa, toa vidole. Mayai haya ndiyo yalikuwa nafasi yake ya mwisho. Asipopata jibu, mwisho wa mwezi maabara inafungwa.

"Mwachie shati," alisema Inspekta wa polisi aliyeitwa asubuhi hiyo. "Mlinzi, ulichomoa?"

"Nilichomoa, afande. Jana jioni. Usingizi ukanipitia." Jamaa alikuwa analia kabisa. "Lakini Dokta ndiye aliyenifungulia chumba. Akasema chaji hapo, mashine haina kazi."

"Muongo wewe! Nilikuonyesha soketi ya ukuta ule!"

"Mchukue, Inspekta," Mama Vifaranga alisema, hata hakumtazama mlinzi. "Mchukue kabla sijamtia mkono."

Dokta alishavuta ndoo ya taka. "Na haya tuyatupe, mama. Yananuka mno."

"Weka ndoo chini. Yamekufa lini?" Inspekta aliuliza.

"Si jana usiku! Huelewi Kiswahili?"

"Naelewa. Yamekufa jana usiku, yamelala kwenye baridi, na asubuhi hii yananuka hivi?"

Dokta akacheka kwa dharau. "Afande, hapa ni maabara, si buchani."

"Basi nifundisheni. Mama, vunja moja."

"Sivunji. Sitaki kuyaona."

"Sijakuomba. Nimekwambia."

Alivunja huku akimtukana kimoyomoyo, akainamia hadubini. Akavunja la pili, akavunja la tatu, mikono sasa inakimbia.

"Haya ni yale ambayo sikuyagusa," alisema taratibu. "Nusu nilizima swichi ya jeni, nusu niliyaacha yalivyo. Leo ni siku ya tisa. Haya yalitakiwa yawe na vidole vilivyoachana, na vipele vya manyoya mgongoni. Tazama mguu huu. Bado kama kijiko. Huu ni mguu wa Ijumaa."

"Kwa hiyo yamekufa Ijumaa."

"Kifaranga kikifa, umri wake unasimama hapohapo."

"Ijumaa nani alikuwepo?"

"Asubuhi mimi, nikaona mioyo inapiga. Mchana nikampeleka mama yangu hospitali, nikamuuguza huko mpaka leo." Aligeuka. "Chumba hiki kina funguo mbili. Wangu, na wake."

Dokta alikuwa ameshalowa jasho. "Mama, huenda umeme..."

"Huenda nini?" Inspekta alimkata. "Ila kuna kitu sikielewi. Mlinzi angechomoa tu. Kwa nini uue kabla?"

Mama Vifaranga ndiye aliyejibu. "Kwa sababu anajua. Yai linaweza kuvumilia baridi ya usiku mmoja. Nilimfundisha kwa mdomo wangu huu. Hakuiamini chaja. Ijumaa kapandisha joto, kayachoma, karudisha joto lilivyokuwa. Halafu akatafuta fala wa kumbebesha mzigo."

"Ulikuwa unanichimba!" Dokta alilipuka. "Swichi ya jeni ile niliigundua mimi! Imenipa cheo, wewe ukaanza kuirudia kimyakimya kama unampekua mwizi!"

"Kazi yetu kila kitu kinarudiwa. Hata changu."

"Ulidanganya?" Inspekta aliuliza.

"Sijui!" Sauti ilimpasuka. "Mara mbili jaribio lilikubali. Mara ya tatu likakataa. Hiyo ya tatu nikaificha."

"Na kama haya yangekubali je?" Mama Vifaranga alimsogelea mpaka pua kwa pua. "Mpumbavu wewe. Haya yangeweza kukutetea."

Pingu zikalia.

"Mama, nisamehe..."

"Usiniite mama. Inspekta, nitolee huyu. Na wewe mlinzi unashangaa nini? Waya wangu si umeuchomoa? Toka!"

Walipotoka wote alivuta trei, akaendelea kuvunja moja moja, akiinama, akitazama, akivunja jingine. Alimaliza arobaini yote. Hakuna hata moja lililofika siku ya saba, ambapo vidole vingempa jibu.