Yowe la Chumba cha Pili

Kila asubuhi yule fundi cherehani alifagia nyuzi, akaitia mashine mafuta, kisha akatunga uzi sindanoni. Asubuhi hiyo uzi haukupita. Katika chumba cha pili cha jengo lile lenye msururu wa maduka, mtu alipiga yowe kama anayechinjwa.

Fundi, mpole wa kuogopa hata mende, alijikuta keshausukuma mlango, mkasi mkononi.

"Nani anakuua?"

Kijana mrefu, shati jeusi, buti zinang'aa, alishusha kikombe cha maji ya uvuguvugu. "Hakuna, dada. Nafanya mazoezi."

"Ya kufa?"

"Ya kuimba. Naimba roki."

"Na hilo koo likichanika utalishonesha wapi?"

Akacheka. "Likiuma, ujue nimekosea. Yowe hubebwa na pumzi ya tumboni. Weka mkono hapa uone. Ila mkasi uache mezani, tafadhali."

Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza. Jioni simu hazikukatika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimeshiba. Nilibakiza sauti yako tu."

"Muongo wewe."

"Muongo wako."

Fundi akamshonea koti jekundu la onyesho lake kubwa. Alipokaza kifungo cha mwisho akampigia. Simu ikapokelewa, kisha kimya. Alisikia pumzi tu.

"Umenichoka? Niambie."

Kimya. Akakata, akaifungia namba yake, akalilalia koti na kulia.

"Mwanamume akinyamaza, kashasema," alisema shangazi yake, mwenye duka.

Kesho yake, duka likiwa limejaa wateja, mwimbaji alisimama mlangoni, kiganja kooni, mpiga ngoma wa bendi yake pembeni.

"Shemeji," mpiga ngoma akaanza, "onyesho ni leo. Likikaribia, huyu hasemi hata neno, anailaza sauti. Sisi tumemzoea, akasahau kwamba wewe hujui. Alikuwa anakuandikia ujumbe, ukamfungia."

"Sasa simu alipokea ya nini?"

"Alitaka kukusikia."

Shangazi akaguna. Fundi akatazama chini, akipapasa ukingo wa meza. "Nimeelewa. Lakini jana niliuliza swali, na sitaki kujibiwa na mpiga ngoma."

"Shemeji, usimfanyie hivyo. Tiketi zimekwisha zote."

Mwimbaji akashusha kiganja. Mpiga ngoma akafumba macho kama anayesubiri sahani ipasuke.

"Sijakuchoka," alisema mwimbaji mbele ya wateja wote, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Nakupenda, na nataka kukuoa. Koo likigoma leo, na ligome."