Pumu ya Kinyozi Maridadi

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, kinyozi alijikagua kwanza kwenye kioo. Kola imenyooka. Ndevu zimechongwa. Viatu vinang'aa. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Maridadi. Wengi hawakulijua jina alilopewa na wazazi wake.

Duka lake lilikuwa dogo lakini safi. Kulikuwa na kiti cha kunyolea, benchi la wateja, sinki, na kioo kirefu ukutani. Nyuma kulikuwa na pazia la kijani. Huko nyuma ya pazia aliweka ndoo, ufagio na taulo chafu. Na huko huko, ndani ya kopo tupu la poda, alificha pampu yake ya bluu, ile ya kuvutia dawa.

Maridadi alikuwa na pumu. Alikuwa nayo tangu utotoni. Shuleni wenzake walimwita Filimbi, kwa sababu kifua chake kilipiga mluzi akikimbia. Jina hilo lilimuuma sana. Alipokua akaapa kwamba hakuna mtu atakayemcheka tena kwa sababu ya kifua.

Kwa hiyo kifua kilipombana akiwa kazini, alijikaza akatabasamu.

"Samahani kidogo, kaka. Nachukua taulo."

Akaingia nyuma ya pazia, akavuta dawa, akangoja pumzi irudi. Kisha akatoka kama hakuna kilichotokea. Zamani alifanya hivyo mara moja moja tu. Siku hizi alifanya hivyo kutwa. Poda ilimsumbua. Spreyi ya nywele ilimsumbua. Hata vumbi la nywele zilizonyolewa lilimsumbua.

Wateja nao wana macho.

"Huyu fundi wetu anavuta kitu huko nyuma," alisema muuza viatu siku moja. "Tazama. Anaingia amekunja uso, anatoka anacheka!"

Benchi zima likaangua kicheko. Maridadi naye akacheka.

"Kila mtu na starehe yake, jamani," akajibu.

Moyoni aliona aibu. Aliona heri wamwite mvutaji kuliko wamwite mgonjwa. Mtu akijua wewe ni mgonjwa, atakupa kichwa chake umnyoe? Atasema utamwambukiza.

Nyumbani pia hakuwa mkweli. Mkewe, ambaye alishona mapazia kwa cherehani sebuleni, alimsikia akikohoa kila alfajiri.

"Dawa ile ya kahawia umevuta leo?" alimuuliza.

"Nimevuta."

"Kweli?"

"Mke wangu, mimi mtoto mdogo?"

Ukweli ni kwamba hakuwa amevuta. Kliniki walimpa pampu mbili, ya bluu na ya kahawia. Ya bluu ilimfungua kifua papo hapo. Ya kahawia aliijaribu siku chache tu, akaona ni kama kuvuta hewa tupu. Akaitupa kwenye droo, chini ya soksi. Tena alikuwa amesikia watu wakisema kwamba dawa hiyo humfanya mtu avimbe uso. Yeye, Maridadi, avimbe uso?

Jumamosi moja alikuja fundi bomba. Siku hiyo alikuwa na furaha tele. Binti yake alikuwa anahitimu chuo cha ualimu, na mahafali yalikuwa mchana huo huo.

"Nitengeneze vizuri, fundi," alisema huku akiketi. "Leo nitapigwa picha na mwalimu. Mwalimu mwenyewe ni mwanangu!"

"Kaa utulie. Utatoka hapa kama bwana harusi."

Maridadi akamfunga shuka shingoni, akawasha mashine, akaanza upande wa kulia. Benchi lilikuwa limejaa. Muuza viatu alikuwa anajipulizia spreyi mbele ya kioo, akajipulizia tena na tena. Harufu kali ikatanda. Maridadi akahisi kifua kinakaza, kama mtu anayefungwa kamba. Akakohoa. Akakohoa tena.

"Nachukua... taulo," akasema.

Akaingia nyuma ya pazia. Akafungua kopo la poda, akaitoa pampu, akaibonyeza. Hakikutoka kitu. Akaitikisa, akaibonyeza tena. Ilikuwa imekwisha. Alikuwa ameitumia sana bila kujali kilichobaki.

Alitaka kuita msaada. Lakini hata wakati ule, na pumzi inamtoka, aliwaza: watanionaje? Akabaki ameshika ukuta. Akavuta hewa, hewa ikakataa kutoka. Mwishowe akatoka akiwa anayumba, macho yamemtoka, midomo imepauka.

Muuza viatu akapiga makofi.

"Leo fundi amezidisha! Mpeni maji ya baridi!"

Watu wakacheka. Mmoja akamwambia aketi mpaka bangi imwishe kichwani. Maridadi alitikisa kichwa. Alitaka kusema neno moja tu, lakini hakuwa na pumzi ya neno hata moja.

Fundi bomba aligeuka kitini. Alimtazama vizuri. Aliona mabega yanapanda na kushuka. Aliona ngozi ya shingo inavyozama kila anapovuta hewa. Akaruka kutoka kwenye kiti.

"Nyamazeni! Huyu hajavuta kitu. Huyu hapati pumzi! Mama yangu huwa hivi hivi."

Kicheko kikakatika. Fundi bomba akamkalisha wima na kumfungulia kola. Hakumlaza. Akamtuma muuza viatu alete gari, na mwenye duka la jirani akampigia simu mke wa Maridadi. Baada ya muda mfupi walikuwa njiani. Fundi bomba alikuwa bado amevaa shuka la kunyolea, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu ina nywele. Watu barabarani walinyoosha vidole. Yeye hakujali. Alimshika Maridadi begani na kumwambia, "Taratibu, ndugu yangu. Tunafika."

Kliniki walimwekea Maridadi barakoa ya mashine inayogeuza dawa kuwa mvuke. Wakampa hewa ya oksijeni na vidonge vya kumeza. Polepole kifua kikaanza kufunguka. Alipoweza kusema, neno lake la kwanza halikuwa shukrani. Alinong'ona, "Naomba funga mlango. Wasinione."

Muuguzi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, aliufunga mlango. Mke wa Maridadi alikuwa amefika, anahema, na mkoba mkononi. Fundi bomba alisimama pembeni.

"Mama yangu ana ugonjwa sugu wa mapafu," alimwambia muuguzi. "Alipika kwa moshi miaka mingi. Na yeye ana pampu. Nimletee huyu moja, akae nayo?"

"Hapana, kaka. Asante kwa moyo wako, lakini hapana. Zinafanana kwa sura, ila ndani dawa ni tofauti. Mama yako amepimwa, akapewa ya kwake. Huyu naye atapewa ya kwake. Dawa hizi hatuazimani."

Kisha akamgeukia mke.

"Mama, dawa yake ya kahawia anaitumia?"

"Kila siku, dada. Mwenyewe ananiambia. Hata leo asubuhi amevuta." Akafungua mkoba. "Nimekuja nayo. Niliikuta kwenye droo ya soksi."

Muuguzi akaipokea. Nyuma ya pampu ile kulikuwa na kidirisha kidogo kinachoonyesha dawa iliyobaki. Akakitazama. Akamkabidhi mke naye atazame. Pampu ilikuwa karibu imejaa.

Mke akaitazama pampu. Akamtazama mumewe. Maridadi aliinamisha macho. Angekuwa na nguvu, angetoka chumbani. Kwa kuwa hakuwa nazo, alibaki pale kitandani na uongo wake mbele ya watu wote.

"Kumbe," mkewe alisema kwa sauti ndogo. "Kila asubuhi nakuuliza. Kila asubuhi unaniambia umevuta."

"Nisamehe."

"Ungekufa, ningebaki na cherehani na watoto. Ningewaambia nini? Kwamba baba yao aliona aibu?"

Muuguzi aliwaacha kidogo, kisha akavuta kiti.

"Baba, sijakaa hapa nikugombeze. Niambie tu, kwa nini uliiacha?"

"Haifanyi kitu, dada. Ile ya bluu naiona inafanya kazi."

"Sikiliza. Mwenye pumu, njia zake za hewa zimevimba kwa ndani, hata siku anayojiona mzima. Dawa ya bluu inafungua njia zilizobanwa. Inafanya kazi haraka, lakini uvimbe hauondoi. Ukiitegemea hiyo peke yake, uvimbe unaendelea kimyakimya, mpaka siku moja njia zinaziba. Kama leo."

"Na ya kahawia?"

"Hiyo ndiyo inayotuliza uvimbe. Inakwenda polepole. Huwezi kuisikia ikifanya kazi. Inataka kutumiwa kila siku kama ulivyoandikiwa, unaumwa huumwi. Ukiona unaihitaji ya bluu mara kwa mara, ujue pumu yako haijatulia. Usingoje, njoo. Na usikariri rangi tu, maana viwanda havifanani. Jua jina la kila dawa na kazi yake."

"Wanasema inavimbisha uso."

"Dozi ya kuvuta ni ndogo, na inakwenda moja kwa moja kwenye mapafu. Kinachoweza kukusumbua ni vidonda au utando mweupe mdomoni, au sauti kukwaruza. Ukishavuta, sukutua kwa maji, uteme. Basi."

Maridadi akasita. Kisha akauliza swali lililomkaa moyoni muda mrefu.

"Inaambukiza?"

"Pumu? Haiambukizi. Mnyoe umtakaye."

Muuguzi akataka kuona anavyovuta. Maridadi akaibonyeza pampu kwanza, kisha ndipo akavuta pumzi, fyuu, kama mtu anayefyonza chai ya moto. Dawa yote ikaishia kwenye ulimi. Muuguzi akaleta kopo la plastiki lenye mdomo upande mmoja.

"Kwanza itikise pampu, kisha uichomeke nyuma ya hili. Toa pumzi yote. Funga midomo kwenye kopo. Bonyeza mara moja, vuta hewa taratibu. Sasa ishike pumzi kadiri unavyoweza. Ukitaka kuvuta tena, pumzika kidogo, uitikise upya, uanze mwanzo."

Alijaribu, akakosea. Akajaribu tena, akapata. Mkewe alitazama kila hatua kwa makini, kama anayejifunza mshono mpya.

Fundi bomba alikuwa ameshaondoka. Alikwenda kwenye mahafali vile vile, na kofia ya kuazima.

Siku iliyofuata Maridadi alichukua mashine yake, akaenda nyumbani kwa fundi bomba. Akabisha hodi.

"Kaka, nimekuharibia siku kubwa. Sijui niseme nini."

Fundi bomba akamketisha, akamwonyesha picha kwenye simu. Upepo ulikuwa umeipeperusha kofia. Alionekana kichwa nusu kwa nusu, na binti yake kando, amejishika mbavu kwa kicheko.

"Kichwa si kitu," alisema. "Nywele zinaota. Lakini nina neno na wewe. Miaka yote ninakaa kwenye kiti chako. Ulikuwa unakufa mbele yetu, na sisi tunakucheka. Ulituacha tukucheke! Ungeniambia tu, ningejua la kufanya mapema."

Maridadi akashindwa kumtazama usoni. Maneno yale yalimchoma kuliko jina la Filimbi. Alimnyoa upande uliobaki.

Jumatatu, duka lilipojaa, alizima redio.

"Jamani, sivuti bangi wala sigara. Nina pumu. Pampu hii hapa, ni mpya. Nitaiweka hapa mbele, chini ya kioo. Mkiniona nimebanwa, mnipe hii, mnikalishe wima. Nikivuta nisipopata nafuu, nipelekeni hospitali haraka. Na spreyi humu ndani, basi."

Muuza viatu akakuna kichwa.

"Fundi, na mimi nikakupigia makofi," akasema. "Nisamehe. Usiku ule sikulala."

"Ungejuaje? Nilikuficha."

Tangu hapo alipunguza poda, akafungua madirisha, akavaa barakoa anapofagia nywele. Dawa ya kahawia aliivuta asubuhi na jioni, mkewe akiwa kando. Wiki za kwanza hakuona tofauti, akataka kuiacha. Mkewe alimtazama tu, naye akaivuta. Kisha, alfajiri moja, mke aliamka akashtuka kwa ukimya. Akamwekea mumewe mkono kifuani. Kifua kilipanda na kushuka bila mluzi. Alikuwa amelala tu. Maridadi aliporudi kliniki kupimwa, muuguzi alimwambia njia zake za hewa zimefunguka vizuri, na kwamba asiiache dawa bila ushauri.

Haikuwa rahisi. Mara nyingine mteja mgeni aliitazama pampu chini ya kioo, naye Maridadi alitamani kuifunika kwa taulo.

Siku moja aliingia mwanamume asiyemjua, mwenye suti safi na mkoba wa ofisini. Alinyolewa bila kusema neno. Macho yake hayakuondoka chini ya kioo. Mwishowe akainama na kunong'ona, ili benchi lisisikie.

"Ile pampu... ni ya nani?"

Uso wa Maridadi ukapata moto. Aliujua mnong'ono wa namna ile. Alikuwa amenong'ona hivyo maisha yake yote.

"Ni yangu," alijibu, na sauti hakuishusha. "Nina pumu. Wewe je?"

Mwanamume yule akalitazama benchi. Kisha akaingiza mkono ndani kabisa ya mfuko wa koti, akaitoa ya kwake.