Roho Ndani ya Sponji

Mtaani walimwita Fundi Makochi, na hata mkewe alimwita hivyo akiwa na furaha. Unampelekea kochi limebonyea, limekaliwa na ukoo mzima, anavua kitambaa, anabadili sponji, anapiga pini, na unarudishiwa kitu unachoona haya kukikalia. Na alikuwa na tabia moja. Kitu chochote alichotaka kukificha, alikishonea ndani ya kiti. Hata pete ya uchumba mkewe aliikuta ndani ya mto, baada ya kuambiwa atafute, na walicheka mpaka majirani wakagonga ukuta.

Walijaliwa mapacha wa kike. Akawatengenezea viti viwili vidogo, kimoja chekundu na kimoja cha kijani. Yule wa kiti chekundu akashikwa na homa, na kabla hawajapata gari akawa ameshaondoka.

Kulia kwa mama aliyefiwa si ajabu. Lakini Mama Pacha alilia akipika, akalia akifua, akalia hata usingizini. Binti aliyebaki alikuwa na sura ileile, kwa hiyo kila alipoingia chumbani mama yake alianza upya. Fundi alikuwa anampenda mkewe, hilo sina shaka nalo. Ila ilifika mahali akawa anachelewa makusudi kutoka karakana, anazungusha funguo mfukoni, hataki kuisikia ile sauti.

Shangazi yake ndiye aliyemtajia bibi mmoja anayepumzisha roho. Walikwenda asubuhi kweupe. Chumba kilikuwa kisafi, sakafu ya saruji, na redio ya jirani ilikuwa inatangaza mpira. Bibi alichukua kitambaa cha kichwa ambacho Mama Pacha alikuwa anafutia machozi, akamfunika nacho mdomo, akamkandamiza mbavu kwa magoti. Mbavu zililia. Mama Pacha alikoroma, akatapatapa, kisha akanyamaza. Bibi akafunga fundo haraka. Ndani ya kitambaa kulikuwa na kitu kinapumua.

"Imechoka, acha ipumzike," bibi alinong'ona. "Weka mahali laini. Isibanwe, isiguswe na chuma. Siku atakapomuulizia mwanawe, mfungulie mdomoni, itarudi."

"Na asipouliza?"

"Mama gani huyo asiyeuliza?"

Sasa mpe fundi makochi kitu umwambie akiweke mahali laini. Alikishonea ndani ya kiti chekundu, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kukikalia, na pini akazipiga pembezoni kabisa.

Mama Pacha akapona. Alikula, akanenepa, akaimba akifagia. Fundi akawa anarudi mapema. Alingoja lile swali, lakini niseme ukweli, hakulingoja kwa hamu.

Kisha paka wa jirani akaiba samaki. Mama Pacha alimbana na mlango, akauegemea, huku akiendelea kumsimulia mumewe habari za harusi ya jana mpaka paka aliponyamaza. Baadaye akapiga deki.

Binti naye akaanza kulala kifudifudi kwenye kiti chekundu, shavu juu ya kitambaa.

"Mbona huendi kwa mama?" Fundi alimuuliza.

"Mama yuko huku," alisema. "Yule anayepika simjui."

Fundi alipapasa kile kiti. Kilikuwa kimelowa, na kilikuwa na joto. Akajiambia ni mambo ya watoto.

Shangazi alikuja kuwasalimia, akaona watu wanacheka, akataka kuhakikisha. "Mwanangu," alimwambia Mama Pacha, "humkumbuki mwenzake huyu?"

"Mwenzake nani?" Mama Pacha alijibu, na birika lililokuwa linachemka akalimimina juu ya miguu ya shangazi. Hakumimina kwa hasira. Alimimina polepole, mpaka likaisha. Ngozi ilitoka pamoja na soksi.

"Pole, shangazi," alisema, akarudisha birika jikoni.

Fundi alimkimbiza shangazi hospitali. Pale kitandani mama wa watu alimvuta shati, akamnong'oneza sikioni.

"Mrudishie leo. Usingoje akuulize. Kinacholia ndani ya mtu ni roho. Kinachomhurumia mwenzake ni hiyohiyo, na kinachouliza ni hiyohiyo. Wewe umeishonea kwenye kiti. Sasa nani atakuuliza?"

Ndipo Fundi alipokumbuka binti yuko nyumbani na nani.

Alikimbia. Jua la mchana lilikuwa linawaka, watu wanamsalimia, haitikii.

Mlango ulikuwa wazi. Binti alikuwa amekikumbatia kiti chekundu, sikio moja limechanika, damu inamtiririkia shingoni. Mama Pacha alikuwa amesimama juu yake na kisu cha kuchania vitambaa.

"Nimemwita aje ale," alisema taratibu. "Ameng'ang'ania kiti."

Fundi alimrukia. Alimshika shingo, akampigiza ukutani. Meno yakamwagika. Alimkunja kidole, kikavunjika, kikalia kama kijiti. Uso wake haukubadilika. Mama Pacha akamtupa mumewe pembeni. Akamgeukia binti. Akainua kisu.

Fundi hakuwa na kitu kingine. Akaweka mkono.

Kisu kilipita kiganjani. Kikazama kwenye kiti. Kikagota kwenye mbao.

Ndani ya sponji kilitoka kilio. Kile alichokikimbia. Chote, kwa mara moja.

Mama Pacha aliachia kisu. Macho yakamjaa machozi.

"Makochi," alinong'ona. "Mwanangu yuko wapi?"

Akaanguka.

Fundi alichomoa kisu kwa meno na mkono wa pili, akararua sponji, akatoa kitambaa. Fundo lilikuwa limekatika. Alimwekea mdomoni, akambembeleza, akamwita majina yote aliyowahi kumwita. Kitambaa kilikuwa kikavu, na hakikuwa na kitu ndani. Walioosha maiti waliona meno na kidole, lakini jeraha la kumuua walilitafuta, hawakuliona.

Viti vyote viwili alivichoma moto. Kiganja kilipona, kikabaki na kovu. Lakini kovu lile hutoka maji, na maji yale yana chumvi. Binti hapati usingizi mpaka aweke shavu pale. Akiweka, analala fofofo.

Kazi ya makochi Fundi ameiacha. Wasiomjua humwona hana adabu, maana husalimia kwa mkono wa kushoto, na wa kulia huubeba wazi, kama mtu aliyeshika yai. Siku moja tu alijisahau. Msumari wa mlango ulikuwa umechomoza, akaokota nyundo, akaishika kwa nguvu.

Binti alikuwa chumba cha pili, mlango umefungwa.

"Baba," alisema. "Usimbane."